Chamonix kwa hela ya kuungaunga: maswali mnayoniuliza kila siku

Kila nikirudi Chamonix na kuweka picha mbili tatu status, simu inajaa maswali, na maswali yenyewe ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote hapa mara moja. Mimi ni mtu wa Moshi, naishi Geneva mwaka wa sita sasa, kazi zangu ni usafi wa ofisi na kulea watoto wa watu, kwa hiyo habari za hoteli ya nyota tano msiniulize, sizijui. Najua kulala bei ya chini, kubeba chakula na kutembea.

Chamonix ni wapi hasa, na kwa nini huko na sio Uswisi unakoishi?

Ni Ufaransa, mkoa wa Haute-Savoie, mji mdogo umejibana kwenye bonde chini ya Mont Blanc. Wenyewe mji uko mita 1,035 juu ya bahari, na ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Kutoka Geneva kwa basi ni kama saa moja na nusu hivi. Uswisi kuna milima mizuri sana sikatai, ila ukikaa Zermatt ukanunua chai na kipande cha keki unalipa kwa faranga na roho inakuuma mpaka jioni. Upande wa Ufaransa unalipa euro, mkate ni mkate wa bei ya kawaida, supermaketi ziko katikati ya mji. Nusu ya Geneva kila Jumamosi inavuka mpaka kwenda kununua nyama Ufaransa, na hao ni watu wenye mishahara, sembuse mimi.

Geti liko wapi na kiingilio ni shilingi ngapi?

Hili swali ananiuliza kila mtu wa nyumbani na nalipenda kuliko yote. Hakuna geti. Hakuna kiingilio. Sisi tumezoea kwamba mlima una mwenyewe, unafika Marangu au Machame unalipia hifadhi, unalipia kulala, unapewa mwongozaji na wapagazi, na hata sisi wenyeji tunalipa ingawa kidogo kuliko wazungu. Kule unashuka kwenye basi, unafunga kamba za viatu, unaanza kupanda njia iliyowekwa kibao cha manjano, hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Mara ya kwanza nilitembea dakika arobaini nikigeuka nyuma kila saa nikijua kuna mtu atapiga filimbi.

Kinachouzwa kule ni vitu vitatu tu: kitanda, chakula cha kuletewa mezani, na kupandishwa juu na mashine badala ya miguu yako. Hela yote ya watu inaishia hapo. Ukivibana hivyo vitatu mlima unabaki bure, na mambo mengine yote ntakayoandika hapa chini ni namna ya kuvibana.

Ni kweli Mont Blanc ni mrefu kuliko Kilimanjaro?

Jamani. Mont Blanc ni kama mita 4,806, inapungua na kuongezeka kidogo kwa sababu kileleni ni kofia ya theluji na wanaipima tena na tena. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni 5,895. Hata Point Lenana kule Mlima Kenya, pale wanapofika wanafunzi wa sekondari, ni 4,985, yaani Lenana inaipita Mont Blanc. Waambieni Wafaransa, mimi nimeshawaambia wengi na hawafurahi.

Ila usidanganyike na namba ukadhani unaweza kuipanda na raba. Kule barafu inaanza chini sana, kuna nyufa za barafu, mawe yanaporomoka, na kila mwaka watu wanakufa. Kilele sio cha kwetu sisi wa bajeti, tunakiangalia tu.

Na ukitaka kukiangalia pamoja na hadithi yake, nenda katikati ya mji karibu na mto Arve kuna sanamu ya shaba ya watu wawili. Mmoja ni de Saussure, msomi wa Geneva aliyeahidi zawadi mwaka 1760 kwa atakayepata njia ya kufika juu, na mwingine anayemnyoshea kidole kileleni ni Jacques Balmat. Balmat alifika kweli tarehe 8 Agosti 1786, lakini hakuwa peke yake, alikuwa na daktari wa hapohapo kijijini, Michel-Gabriel Paccard. Sanamu ikajengwa 1887, daktari hayupo. Alikuja kupata ya kwake 1986, miaka mia mbili baadaye, iko hatua chache tu kutoka ile ya wenzake, amekaa peke yake anaangalia mlima. Mimi kila nikipita namsalimia.

Visa ikoje?

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongo, wote mnahitaji ya Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kama una kibali cha kuishi Uswisi au nchi nyingine ya Schengen unaingia Ufaransa mpaka siku 90 ndani ya siku 180 bila visa nyingine, lakini BEBA pasipoti na kadi yenyewe, sio picha ya kadi kwenye simu. Mpaka wa Geneva na Ufaransa unaonekana kama haupo, ila siku moja basi letu lilisimamishwa, wakapita askari kiti kwa kiti, kijana mmoja aliyeacha kadi nyumbani akashushwa na sisi tukaendelea na safari. Alikuwa amebeba na sleji ya plastiki, ile ya kukalia ukateleza kwenye theluji, maskini.

Nafikaje kwa bei ndogo?

Basi. Kutoka stendi ya mabasi Geneva au uwanja wa ndege kuna mabasi ya kampuni kadhaa mpaka Chamonix Sud, ukikata wiki mbili kabla unaweza kupata kwa euro kumi na kitu, ukikata siku yenyewe ya Jumamosi ya Februari utalipa mara mbili au zaidi. Usichukue zile gari ndogo za kupeleka watu hotelini mpaka mlangoni, hizo ni za watu wenye mabegi makubwa ya ski, zile mbao za kuvaa miguuni ukateleza kwenye theluji.

Treni nayo ipo: kutoka Geneva kuna Léman Express inakwenda mpaka Saint-Gervais-les-Bains-Le Fayet, hapo unabadilisha unaingia katreni kekundu kadogo, Mont-Blanc Express, ambako kanapanda mlima mkali bila hata meno ya kushikia reli na kamefika Chamonix tangu 1901. Inachukua muda mrefu kuliko basi lakini ni safari nzuri, ukipanda kaa upande wa kulia.

Nilale wapi? Hoteli nimeona bei nikafunga simu.

Ulifanya vizuri kuifunga. Kuna hosteli, vitanda vya chumba cha pamoja, msimu wa utulivu nimelipa kati ya euro 30 na 40 kwa usiku, Februari na Agosti inapanda. Kuna zile nyumba za wageni wanaita gîte, zina jiko la kupikia wenyewe, na hilo jiko ndio la muhimu kuliko kitanda, ukiona sehemu ni rahisi kwa euro tano lakini haina jiko ujue hizo tano utazilipa mara tatu kwenye chakula. Majira ya joto kuna kambi za mahema, kama mpo wawili na mna hema lenu ndio bei ya chini kabisa, ila jamani Julai usiku kule ni baridi ya Rombo juu kabisa, beba blanketi la kweli sio kanga.

Halafu sio lazima ulale Chamonix mjini. Les Houches, Argentière, Servoz, Vallorcine, vijiji vyote hivyo viko bonde lilelile, vimetulia, na mara nyingi ni nafuu. Sallanches na Le Fayet ni rahisi zaidi, lakini huko uko nje ya ile kadi ya mgeni (naieleza hapo chini), kwa hiyo piga hesabu ya nauli kwanza.

Kadi ya mgeni ni nini?

Inaitwa Carte d'Hôte. Ukilala popote ndani ya bonde unalipa kodi kidogo ya kulala, senti au euro chache kwa usiku kutegemea na sehemu, na mwenye nyumba anatakiwa kukupa hiyo kadi. Nayo ndiyo inayokupandisha mabasi ya bonde na treni kati ya Servoz na Vallorcine bila kulipa. Wengine wanasahau kukupa, hasa ukikodi nyumba ya mtu kupitia app, sasa wewe iombe siku ileile unapofika, usione aibu, umeshailipia. Masharti soma yaliyoandikwa mwaka huo.

Mdogo wangu alikuja kunitembelea akakaa siku tatu analipa basi kila safari, kadi iko ndani ya bahasha ya funguo hajaifungua!!

Chakula?

Hapa ntakaa kidogo.

Kanuni ya kwanza, mgahawa ni mara moja tu kwa safari nzima au usiende kabisa. Kanuni ya pili, supermaketi ingia kabla ya kupanda mlimani, sio baada, kwa sababu ukishuka una njaa unanunua kila kitu. Mkate mrefu baguette ni kama euro moja na kidogo, jibini la reblochon ndio la mkoa huohuo wa Haute-Savoie kwa hiyo ni zuri na halina bei ya ajabu, nyanya, mayai ya kuchemsha, ndizi. Mchana wako umekwisha hapo. Jumamosi asubuhi kuna soko Place du Mont-Blanc, la kuonja ni zuri sana, la kununua ni ghali kidogo, mimi naonja.

Maji usinunue. Ya bombani ni ya mlimani, na yale mabomba ya mjini yanayomwagika mchana kutwa jaza chupa, ila ukiona kibao kimeandikwa "non potable" hayo hapana. Ukikaa mgahawani sema "une carafe d'eau s'il vous plaît", jagi la maji ya bomba wanakuletea bure pamoja na chakula, wala hakuna atakayekuona mchoyo, Wafaransa wenyewe ndio wanavyofanya.

Na kahawa kule juu kwenye vibanda vya mlimani ni bei ya kukutoa machozi. Chupa ya chai, thamosi, ndio rafiki yako. Mimi naweka chai ya tangawizi na sukari nyingi, nikifika juu watu wanaanza kunusa.

Sasa kuhusu kunusa. Mara ya pili kwenda nilibeba unga wa sembe kilo moja na dagaa wa Mwanza niliokuwa nimetumiwa, nikaingia jiko la hosteli saa kumi na mbili jioni, nikakaanga dagaa na kitunguu na nyanya kama nipo Pasua kwetu Moshi. Jiko lilikuwa na watu kama kumi, vijana wa kupanda miamba wanachemsha tambi zao. Ndani ya dakika tano nikabaki na wawili. Msimamizi akaja, akafungua madirisha yote bila kusema neno, na nje ilikuwa theluji inaanguka. Mmoja kati ya wale wawili waliobaki, mzee hivi wa kihispania, akaja akachungulia sufuria akasema kwao pia wanakula samaki wadogo wa hivyo, nikampa ugali akala kwa mkono vizuri tu. Ila ushauri wangu ni kwamba dagaa waache nyumbani. Sembe beba, maharage ya kopo beba, pilipili beba.

Mimi Mwislamu, nitakula nini?

Mjini kuna vibanda vya kebabu, waulize kama ni halali kabla hujaagiza maana sio vyote. Cha kuangalia ni vyakula vyao vya jibini ambavyo vinaonekana havina shida: fondue wanayeyusha jibini na divai nyeupe, tartiflette ina vipande vya nyama ya nguruwe na mara nyingi divai pia. Raclette ni jibini la kuyeyusha na viazi, lenyewe halina neno, lakini linaletwa na sinia la nyama za nguruwe pembeni, sema mapema wasiweke. Au nunua jibini la raclette supermaketi uyeyushe mwenyewe kwenye kikaango juu ya viazi, ni chakula cha wanne kwa bei ya sahani moja ya mgahawani.

Ile kebo ya Aiguille du Midi, nilipe au nisilipe?

Swali gumu kuliko yote. Kebo ni kile chumba kinachovutwa juu kwa waya, na Aiguille du Midi ni kilele chenye ncha juu ya mji. Kwenda na kurudi inazidi euro 70 kwa mtu mzima. Inakutoa mjini mpaka mita 3,842 kwa kama dakika ishirini na mabadiliko moja njiani pale Plan de l'Aiguille, mita 2,317. Kwa watu wa nyumbani ntawapa picha hivi: ni kama mtu akutoe karibu na Marangu geti, tena chini ya hapo kabisa, akakutupa juu kidogo ya kambi ya Horombo kabla chai yako haijapoa. Kichwa lazima kizunguke. Panda ngazi polepole, usikimbie kupiga picha. Watoto wachanga hawapandi.

Kule juu kuna kachumba ka vioo, chini vioo, pembeni vioo, kako tangu 2013 na chini yako kuna zaidi ya mita 1,000 za hewa. Kako ndani ya tiketi hiyohiyo.

Jibu langu: kama unakuja mara moja tu maishani na siku ni ya jua kali, jibane vitu vingine vyote ulipe. Kama hali ya hewa ni ya kubahatisha usilipe hata senti. Mimi nililipa. Nilikuwa nimepanga miezi miwili, nimeweka hela kidogokidogo, asubuhi nikaona mawingu nikasema yatapanda yatapasuka, Mungu yupo. Nikasimama mita 3,842 ndani ya maziwa, sioni hata mkono wangu, baridi iko chini ya sifuri na mimi nimevaa jinzi. Kuna kamera zinaonyesha kileleni moja kwa moja mtandaoni, na kuna skrini hapo penye tiketi, angalia KWANZA afu ndio utoe kadi. Sikuangalia. Kosa langu.

Nikikosa kebo nitaona nini cha maana kwa miguu?

Mengi, sana, na kwa kweli mimi navipenda hivi kuliko kebo.

Kwa anayeanza: Lac des Gaillands, dakika kama ishirini na tano kutoka katikati ya mji, tambarare, ziwa dogo ambamo Mont Blanc inaonekana kichwa chini asubuhi kabla upepo haujaamka, na pembeni kuna ukuta wa mwamba watu wanajifunza kupanda, unaweza kukaa ukala mkate wako ukiwaangalia wanavyoteleza. Cascade du Dard ni maporomoko, kutembea kidogo tu msituni kutoka upande wa Les Pèlerins. Chalet de la Floria ni kibanda cha kahawa kilichofunikwa maua yote majira ya joto, unapanda kama saa moja, mandhari ya pale hailipwi ukija na thamosi yako ukakaa pembeni kwa adabu.

Kwa mwenye miguu: Montenvers. Pale ndipo linapofika lile treni jekundu la meno, kwenda kuona mto wa barafu unaoitwa Mer de Glace, na tiketi ni kama euro 40 hivi. Lakini kuna njia ya zamani ya nyumbu inapita msituni, unapanda kama mita 880 kwa saa mbili na nusu au tatu, na unafika palepale mita 1,913, mahali palepale, unaona barafu ileile na wenzako waliolipa. Ila jiandae, utakachoona sio zile picha za zamani. Barafu imeshuka chini mno, kwenye kuta za mwamba wameweka vibao vya miaka kuonyesha ilipokuwa imefika, unashuka ngazi na miaka inapita mmojammoja. Mimi nimekua nikiangalia theluji ya Kibo ikipungua kutoka uani kwetu, bibi yangu alikuwa anatuonyesha kwa kidole ilipokuwa inafika enzi zake. Nilikaa pale kwenye ngazi muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kwa mwenye miguu na kifua: Lac Blanc, mita 2,352, ng'ambo ya bonde, na safu nzima ya Mont Blanc iko mbele yako. Kutoka kijiji cha Les Praz kwa miguu tu bila kebo ni siku nzima, kupanda zaidi ya mita 1,200. Unaweza kununua tiketi ya kupanda tu na kebo mpaka La Flégère afu ukatembea saa moja na nusu mpaka mbili, ukashuka kwa miguu, hiyo naiona ndio matumizi mazuri zaidi ya hela ya kebo bonde zima. Kabla ya Julai theluji bado imelala huko juu, usiende na raba.

Majira ya baridi bila hela ya ski nitafanya nini?

Tiketi ya siku ya kuskii inazidi euro 60, bado kukodi viatu na mbao, bado mwalimu, na siku ya kwanza utaanguka tu. Kama lazima ujaribu, nenda viwanja vidogo vya wanaoanza, La Vormaine kule Le Tour, tiketi yake ni ya bei ya chini mno kuliko ya milima mikubwa na kwa anayeanza hutahitaji zaidi ya hapo.

Mimi siskii. Naenda na sleji ya plastiki ya euro kumi na kitu, natafuta kilima ambacho watoto wanatelezea, najiunga. Mwanamke mzima wa Kichaga anapiga kelele kwenye theluji saa nne asubuhi. Kutembea kando ya mto Arve wakati theluji imefunika kila kitu ni bure. Usipande milimani nje ya njia zilizofunguliwa, maporomoko ya theluji hayana mwenyeji wala mgeni.

Nivae nini, nguo za baridi kali ni ghali?

Mitumba, ndugu zangu! Mnadhani zile jaketi za soko la Memorial pale Moshi zinatoka wapi? Huku ndiko zinakotoka, sasa wewe uko kwenye chanzo. Maduka ya Emmaüs Ufaransa, maduka ya misaada Geneva, nimepata jaketi la theluji kwa euro 12 na suruali yake 8. Kitu kimoja tu usichukue mitumba bila kukikagua ni viatu, soli za zamani zinabanduka ghafla njiani. Za kwangu zilibanduka zote mbili siku moja, nikashuka nimezifunga na kamba ya chaja.

Na miwani ya jua na sunscreen, tafadhali. Eti ngozi nyeusi haiungui. Theluji inarudisha jua usoni kwako kutoka chini, jioni pua inawaka moto. Vaseline mdomoni kila saa.

Niende mwezi gani?

Nusu ya pili ya Septemba. Watu wameondoka, hewa imetakata, bei zimeshuka, njia za juu bado hazina theluji. Juni katikati nayo nzuri. Kimbia Krismasi, likizo za shule za Februari, katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti. Na wiki ya mwisho ya Agosti kuna UTMB, mbio za kuzunguka mlima wote, kitanda hakipatikani hata kwa dawa, japo kama unapenda riadha njoo asubuhi urudi jioni, mji unawaka na kushangilia ni bure, miaka ya karibuni Wakenya wanakuja kwenye mbio za milimani kule na ukipiga kelele "twende kazi!" pembeni ya barabara wanageuka wanacheka. Novemba usiende, kebo nyingi zimefungwa kwa matengenezo na mji umelala.

Sijui Kifaransa.

Sema "bonjour" kwanza. Kwanza kabisa, kabla ya swali lolote, dukani, kwenye basi, hata njiani mlimani mkipishana. Ni kama kwetu, huwezi kumfikia mtu mzima ukaanza na "nauli bei gani" bila shikamoo. Baada ya bonjour endelea na Kiingereza, wengi wanaelewa.

Nikiumia mlimani je?

Piga 112. Waokoaji wa milimani Ufaransa ni wa serikali na kwa kawaida hawakutozi, ila ukiumia ndani ya kiwanja cha kuskii unalipa, na ukivuka kwa miguu upande wa Uswisi helikopta ya kule ni bili. Kata bima. Majira ya joto radi zinakuja alasiri, uwe umeanza kushuka saa saba mchana.

Kwa jumla wewe unatumia kiasi gani?

Safari ya Septemba iliyopita, siku tatu usiku mbili: basi kwenda na kurudi 32, kitanda 70 pamoja na kodi, supermaketi 27, kebo ya kupanda tu La Flégère kama 18, keki moja na kahawa 8 kwa sababu nilijihurumia. Hiyo ni euro 155. Ningekuwa na mwenzangu tukapika pamoja ingeshuka.

Na kama mvua ikinyesha siku zote?

Itatokea, na ndio maana sikati kitu chochote cha bei mapema. Mjini kuna maktaba yenye joto, unaingia bure, kuna vitabu vya picha za milima hata kama husomi Kifaransa. Makaburi ya Biollay nyuma ya stesheni, najua inasikika vibaya, lakini wamelala pale wapanda milima kibao, akiwemo Edward Whymper, Mwingereza aliyefika wa kwanza kilele cha Matterhorn, ule mlima wa Zermatt, mwaka 1865, jiwe lake ni kama mwamba uliochongwa juu.

Au fanya nnachofanya mimi. Chukua kadi yako ya mgeni, panda treni jekundu mpaka Vallorcine, mwisho wa bonde, karibu na mpaka wa Uswisi. Ni kama nusu saa hivi kutoka Chamonix. Inapita Les Praz, Argentière, inaingia kwenye handaki refu chini ya mlima, na mara nyingi mvua uliyoiacha upande huu, upande ule imeshakuwa theluji. Unashuka dakika kumi unanyoosha miguu, unarudi na linalofuata. Mara ya mwisho behewa zima nilikuwa mimi, mama mmoja na mbwa wake, na kondakta, nikafungua thamosi, kondakta akauliza ni nini kile kinanukia. Nikamwambia tangawizi. Akaenda akarudi na kikombe chake.